Bajeti ya mtoto isiishie kwenye kuta



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya fedha ambazo Serikali na halmashauri zetu hutenga kwa ajili ya watoto. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, hapa Natta katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Ualimu nilijifunza chuoni Tarime, na tangu nimalize sijafundisha mahali pengine ila vijijini.

Kila mwaka mwezi Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti kule Dodoma, wananchi huzunguka redio kusikiliza habari za mafuta, bia, sigara na siku hizi tozo za simu. Sisi wafanyakazi hutega sikio kwenye mishahara. Sijapata kumsikia mtu akiuliza mtoto amepata kiasi gani. Na hata akiuliza itakuwa taabu kumjibu, maana mtoto hana fungu lake. Kipande chake kimoja kipo Wizara ya Elimu, kingine TAMISEMI, kingine Afya, kingine Maji, kingine Maendeleo ya Jamii, na kingine kipo polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Ng'ombe na samaki wana wizara yenye majina yao. Mtoto naye aliwahi kuwa na jina lake mlangoni, kwenye ile Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, lakini ilipogawanywa Januari 2022 neno "Watoto" likadondoka, wakaingizwa ndani ya "Makundi Maalum". Sidai kwamba kibao cha mlangoni kinashibisha. Nasema tu kwamba kundi ambalo ni karibu nusu ya wananchi wote wa nchi hii si kundi maalum, ni nusu ya Taifa.

Serikali imefanya mengi na asiyeyaona ana lake jambo. Mimi nilikuwa shule ya msingi ada ilipofutwa kwa mara ya pili, MMEM ilipoanza mwaka 2002. Ada ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwaka, na bado ilikuwa inawaacha watoto malishoni. Ilipoondolewa, darasa lilijaa wavulana wenye sauti nzito, ambao tulikuwa tukiwajua kama wachungaji. Kwa nchi nzima, wanafunzi wa shule za msingi walitoka milioni 4.4 mwaka 2000 wakafika milioni 7.5 mwaka 2005. Nimesema mara ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa mwaka 1973, ikafuatwa na Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo lilipitishwa hapa hapa mkoani kwetu. Azimio hilo lilisogeza shabaha ya elimu kwa wote kutoka mwaka 1989 hadi Novemba 1977. Wazee waliofundishwa na "walimu wa UPE" wanacheka mpaka leo wakikumbuka mwalimu aliyekuwa amewazidi miaka minne tu. Lakini walisoma. Kisha katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulipokuwa umeanguka, ada ikarudi kwa jina la mchango wa UPE, na watoto wakaanza kupungua tena.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa urefu ni hizi fedha za ruzuku ya uendeshaji wa shule, ambazo sisi walimu huziita kapitesheni. MMEM ilipoanza 2002 kiwango kilichopangwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati ule fedha hizo zilikuwa takriban Dola 10 za Marekani. Ilipotangazwa elimu bila malipo kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 na kuanza Januari 2016, kiwango kilikuwa kile kile, shilingi 10,000. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Miaka 14 ilipita, chaki ikapanda bei, karatasi ikapanda, nauli ya kwenda Mugumu kufuata mitihani ikapanda, lakini mtoto alihesabiwa kwa bei ya mwaka 2002. Leo shilingi 10,000 haifiki hata Dola tano.

Hebu tupige hesabu kama tunavyowafundisha watoto. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi. Kwa bei ya dukani hapa Natta, mia tano hainunui soda. Shule yenye watoto 600 hupata shilingi 300,000 kwa mwezi. Hizo ndizo za chaki, karatasi, kuchapa mitihani, mpira, dawa ya kusafishia vyoo, umeme kwa walio nao, bati lililong'olewa na upepo na kitasa kilichovunjika. Shule yenye watoto 400 kwa mwaka mzima hupata shilingi milioni 2.4. Posho ya madaraka ya Mwalimu Mkuu, ambayo nayo ilianza 2016 kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, ni shilingi milioni 2.4 vile vile kwa mwaka. Walimu Wakuu wasinielewe vibaya. Kazi yao ni nzito na posho hiyo walistahili zamani. Nalinganisha tu ili msomaji aone kwamba uendeshaji wa shule nzima na posho ya mtu mmoja vinaweza kuwa sawasawa, na hakuna aliyeshtuka.

Je, ni kwamba Taifa halina? Bajeti ya mwaka 2025/26 iliyosomwa Juni 2025 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Tuchukulie watoto wa shule za msingi ni milioni 11. Kila mmoja akipewa shilingi 10,000, jumla ni bilioni 110. Katika kila shilingi 1,000 za bajeti ile, hizo hazifiki shilingi mbili. Tukipandisha kiwango kiwe 25,000, ambacho ndicho walichopangiwa wenzetu wa sekondari na ambacho kingerudisha karibu thamani ile ya 2002, hazitafika shilingi tano katika elfu moja. Najua mishahara yetu na majengo vina mafungu yao, tena makubwa. Lakini mshahara wa mwalimu asiye na chaki ni fedha zinazokwenda bure, na katika hili mwalimu ninayesema ni mimi.

Lipo jambo moja zuri la mwaka 2016 ambalo halisifiwi vya kutosha. Zamani ruzuku ilipita halmashauri na mara nyingi ilifika pungufu au ikachelewa mpaka muhula umekwisha. Siku hizi inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kila mwezi, na kiasi kinabandikwa ukutani. Mzazi anayejua kusoma anaweza kuuliza. Njia imekwisha kunyooshwa, kilichobaki ni kuongeza kinachopita humo.

Sasa nije kwenye kichwa cha barua yangu. Nimechunguza kwa miaka yangu hii michache kazini nikaona kwamba fedha za watoto zinapenda kuta. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Ilikuwa kazi ya kishujaa, na ndugu zetu wa vitongoji vya mbali waliopata shule shikizi hawataisahau. Wenzetu wa Tarime nao, kwa fedha za uwajibikaji wa mgodi wa North Mara, wamejenga madarasa mengi. Yote ni mema. Lakini ukuta una sifa moja ambayo uji hauna: ukuta unaweza kuzinduliwa. Kiongozi anafika, utepe unakatwa, picha inapigwa. Hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe mbele ya sufuria. Ndiyo maana kwenye vitabu vya bajeti fedha za kujenga huitwa za maendeleo, na fedha za kumfanya mtoto aliyemo ndani ya jengo aelewe anachofundishwa huitwa matumizi ya kawaida. Na hali ikiwa ngumu, yanayofyekwa kwanza ni hayo ya kawaida.

Natta ipo jirani na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Watoto wetu wadogo hawawezi kutoka nyumbani alfajiri kwa kuwa tembo hurudi porini saa hizo hizo. Wanasubiri jua litoke, wanakimbia, wanafika shuleni saa mbili wakiwa hawajala kitu, na wataondoka saa nane au tisa. Kuanzia saa tano ukiwa mbele ya darasa la pili unaona macho yanavyopoteza nuru. Ubao ni ule ule na mwalimu ni yule yule, bali wenye kusikiliza hawapo tena. Katika nchi hii, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao ndio wanaokuja kuandikishwa darasa la kwanza.

Kwa sheria na nyaraka tulizonazo, chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mzazi waziwazi, na Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 nao ukamkumbusha: sare, daftari, kalamu na chakula. Michango mingine ni ya hiari na kwa kibali. Lakini Rais Magufuli alipopiga marufuku michango Januari 2018, wazazi wengi walisikia neno moja tu, "marufuku", na tangu hapo mwalimu akitamka debe la mahindi huonekana mlaji. Nimeitwa hivyo mwenyewe mkutanoni, na aliyeniita ni mtu ninayemheshimu.

Basi tufanye hesabu ya uji, kwa sababu naona watu wanaiogopa bila kuifahamu. Mtoto mmoja anahitaji gramu 50 za unga kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Hiyo ni chini kidogo ya kilo 10, yaani nusu debe la mahindi kwa mtoto kwa mwaka mzima. Mzazi mwenye watoto wanne shuleni atatoa debe mbili. Mkulima wa Natta ambaye shamba lake limesalimika hawezi kusema debe mbili zitamfilisi. Kinachotushinda si nafaka. Kinachotushinda ni jiko, sufuria kubwa, maji ya kupikia, kuni, gharama ya kusaga na mama wa kupika, ambaye hawezi kuamka alfajiri siku 194 kwa kuambiwa ahsante. Mambo hayo hayamo kwenye ruzuku ya shilingi 500 kwa mwezi, wala mzazi haoni kwa nini ayalipie yeye wakati ameambiwa elimu ni bila malipo. Mahindi yanakusanywa, yanalala stoo, yanaliwa na dumuzi, mwaka unaofuata mzazi hatoi tena. Nani wa kumlaumu? Na yupo mzazi ambaye shamba lake tembo wamepita usiku mmoja likaisha. Huyo, akisubiri kifuta jasho, nusu debe ataitoa wapi? Mtoto wake ndiye atakayesimama pembeni wenzake wakinywa, jambo ambalo mimi siwezi kulitazama.

Nimesema fedha zipo, na njia ya kuzipata tumekwisha kuonyeshwa na Serikali yenyewe. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitiliana saini mkataba wa lishe na Serikali, halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yao ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mkataba huo ulitiwa saini upya mwaka 2022 mbele ya Rais Samia. Nampenda aliyebuni jambo hili kwa sababu alimhesabu mtoto kichwa kwa kichwa. Shilingi elfu moja ni kidogo, lakini unaweza kumwuliza Mkurugenzi: watoto wangapi, umetenga ngapi, umetoa ngapi? Swali la namna hiyo halina pa kujificha. Ila mtoto akishatimiza miaka mitano hesabu hiyo inamwacha. Akifika darasa la kwanza bajeti inakumbuka kichwa chake na kulisahau tumbo lake. Kwa nini hesabu ile ile isimfuate shuleni, halmashauri itenge kiasi kinachojulikana kwa kila mwanafunzi wa awali mpaka darasa la pili, kwa ajili ya jiko, maji na mpishi, na wazazi waendelee na nafaka?

Wako watakaosema halmashauri zimeelemewa. Ni kweli, lakini tazama asilimia 10 ya mapato ya ndani: sheria inataka asilimia 4 ziwe mikopo kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nayaunga mkono makundi hayo. Mtoto hakuingizwa kwa sababu hawezi kukopa, na hawezi kuja mkutanoni kulalamika. Lakini Sheria ya Mtoto inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lao. Wajibu bila fungu ni sawa na kumpa mtu jembe lisilo mpini. Vijiji vyetu vilivyomo katika Hifadhi ya Jamii ya Wanyamapori ya Ikona, pamoja na Natta Mbiso na Robanda, navyo hupata mapato ya utalii. Hapo hatuhitaji kumsubiri mtu wa Dodoma. Mkutano wa kijiji ndio wenye kuamua, na mara nyingi tunaamua kujenga.

Wengine wamejaribu. Jijini Nairobi, tangu 2023, mtoto wa shule ya umma hulipa shilingi tano za Kenya kwa mlo wa mchana, na sehemu kubwa iliyobaki hulipwa na kaunti na wabia wake. Brazil ilitunga sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shuleni zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo. Hebu fikirieni hilo hapa Serengeti: fedha ya uji iende kwa mkulima wa mtama wa kijiji hicho hicho, badala ya kwa mzabuni asiyejulikana.

Nisimalize bila kuwataja wasichana. Juni 2018 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, sisi walimu tukashangilia. Mwaka mmoja baadaye ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei haikushuka na faida ililiwa na wafanyabiashara. Maelezo yalikuwa ya kweli, bei haikushuka. Lakini dawa yake ilikuwa kumbana mfanyabiashara, siyo kumwacha msichana wa darasa la sita abaki nyumbani siku tatu au nne kila mwezi. Kenya waliamua kwa sheria mwaka 2017 kwamba Serikali iwagawie wanafunzi bure. Vile vile nyumba salama zinazowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, kule Masanga na hapa Mugumu, zilianzishwa na taasisi za dini na mashirika. Ukeketaji wa mtoto ni kosa la jinai tangu mwaka 1998. Msimu wa ukeketaji hujulikana, ni Desemba, na miaka yake hujulikana. Jambo lenye tarehe halistahili kuitwa dharura, lingewekewa fungu mapema kama tunavyouwekea mwenge.

Kwa wananchi wenzangu nina neno moja la kalenda. Bajeti haitengenezwi Juni. Juni inasomwa tu. Mahitaji yetu yanapaswa kutoka kwenye kamati ya shule na mkutano wa kijiji, yaende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, na baraza likishapitisha mapema mwaka mpya mlango umefungwa. Anayekuja kulalamika Mei amechelewa. Mwenyekiti wa kijiji asiyeitisha mkutano miezi ya mwisho wa mwaka amewanyima watoto haki yao hata kama hajagusa senti yao.

Kwa upande wangu nimepeleka hoja yangu kwa maandishi kwenye kamati ya shule: sufuria mbili, jiko moja la kuni chache, tangi la kuvunia maji ya mvua na posho ya mpishi mmoja. Imeingia kwenye muhtasari na itasomwa mkutano wa kijiji, nakala kwa Diwani. Kama kuna halmashauri yoyote ambayo imekwisha kutenga fungu la mpishi wa uji kutoka mapato yake ya ndani, nawaomba walimu wa huko waandike katika ukurasa huu watueleze fungu hilo wameliita jina gani kwenye vitabu vya bajeti, maana hapa tumeambiwa kwamba halina kifungu.

Mwalimu wa Kijijini,
Natta, Wilaya ya Serengeti,
Mara.